Pamba ya Kalafati Ndani ya Giaboksi

Mohdhar wa Matondoni alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana kisiwa kizima cha Amu: hakuweza kuona kitu kinavuja akakiacha. Mtungi, paa, jahazi la mtu asiyemjua, kwake yote mamoja. Angetoa chembeu, ile patasi butu ya kushindilia pamba kwenye nyufa za vyombo, na angegonga nyundo mpaka tone la mwisho likauke. Miaka ishirini na minane aliifanya kazi hiyo ya kalafati, na hakuna nahodha aliyerudi kumlaumu. Mtu wa namna hiyo hukosa vipi kiburi? Kiburi hicho ndicho kilichomweka msituni asubuhi ile, katikati ya vijiji vya Hindi na Mkunumbi, ndani ya gari lililogoma, moyo ukimdunda hadi masikioni.

Gari lilikuwa la Bwana Jamaludin, mfanyabiashara wa boriti, mume wa mpwa wake Khairiya. Lilikuwa la Kimarekani, refu, la rangi ya maziwa. Jamaludin alilinunua Mombasa mwaka wa hamsini na saba kwa Mzungu aliyekuwa akirejea kwao, na alilificha Mokowe, ng'ambo upande wa bara, chini ya makuti kama bibi harusi. Halikuwa na klachi. Dereva alisukuma kijiti kimoja tu, gia zikajibadilisha zenyewe kwa nguvu ya mafuta mekundu yaliyozunguka ndani ya giaboksi.

Na mafuta hayo yalikuwa yakivuja. Jamaludin alikuwa amesema wazi kwamba mtu asiliguse mpaka gasketi mpya ije kutoka Mombasa. Lakini siku tisa nyuma Mohdhar alipita Mokowe adhuhuri, akaliona tone jekundu likianguka mchangani, kisha jingine. Barka, dereva, alikuwa amelala. Mohdhar alijilaza chini ya gari na kuishindilia pamba kwenye mshono wa bakuli la giaboksi, kama anavyofanya kwenye mbavu za jahazi. Likakauka. Alikwenda zake akitabasamu, na hakumwambia mtu.

Sasa Khairiya alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, Bi Swafiya, miguu mapajani mwa Mohdhar. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi na mtoto hashuki. Daktari wa Amu alisema apasuliwe Malindi, na asicheleweshwe.

Barka alikanyaga mafuta, Jamaludin ameketi kando yake. Injini ilinguruma, gari halikusogea hata shibiri.

"Giaboksi imekufa, Bwana," alisema, jasho likimtoka. "Yanuka kuungua. Ikipumzika kidogo yaenda hatua kumi, kisha yalegea tena."

Hatua kumi, kisha inalegea.  Mohdhar alilijua jambo hilo. Ndivyo bomba la kutolea maji jahazini linavyofanya likivuta uchafu: ukiliacha uchafu huanguka, ukilivuta unarudi kuziba. Pamba yake ilikuwa imepenya ndani.

"Rudi Mokowe kwa miguu," Jamaludin alimwambia Barka. "Katafute lori."

"Kwenda na kurudi ni nusu siku, Bwana. Na hawa je?" Barka alionyesha barabarani kwa kidevu. Palikuwa na kinyesi cha ndovu, bado kinafuka mvuke.

 Khairiya alilia, sauti nyembamba isiyofanana na yake.

Mohdhar aliogopa. Acheni niseme kama ilivyo, kwa sababu baadaye watu wa Matondoni walimpamba kwa ushujaa ambao hakuwa nao. Aliogopa ndovu, aliogopa hasira za Jamaludin, aliogopa manahodha wasimpe tena chombo. Lakini zaidi ya yote alimwogopa dada yake. Swafiya ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Akinyamaza, Khairiya akafa, Swafiya hatajua kamwe. Watasema ni kazi ya Mungu, naye atakaa matangani akipewa kahawa kama mjomba mfiwa. Akisema, kisha Khairiya akafa, Swafiya atajua mpaka siku ya mwisho ni mkono wa nani. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na hilo lilimtisha kuliko kinyesi kile.

"Haikufa," alisema.  "Giaboksi haikufa. Imekabwa. Nimeitia pamba."

"Umetia nini?" Jamaludin aligeuka.

"Pamba ya kalafati. Ilikuwa ikivuya, nami sikuweza kuiata. Imeingia kwenye tujio la mafuta. Tukilifungua tukalisafisha, itakwenda. Nadhani itakwenda."

  Swafiya aliondoa tu macho usoni mwa ndugu yake, akayarudisha kwa binti yake, na Mohdhar alitamani angemtukana.

"Barka, leta jeki," Jamaludin alisema. "Na weye, Mjomba, ingia huko tini ulikotia pamba yako."

Wakaliinua. Mohdhar na Barka waliingia chini, chuma bado cha moto kikiwababua mikono. Waliumwaga uji aliouchukua Swafiya kwa ajili ya safari ili wapate sufuria ya kukingia mafuta. Bolti zilipolegea, mafuta yalitoka meusi, yakiwamwagikia vifuani. Barka alichomoa chujio, akalileta mwangani. Lilikuwa limevikwa pamba pande zote.

"Subhanallah," alisema Barka, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Mzee, umeishonea kanzu."

Ndipo tawi lilipovunjika msituni, karibu. La pili likafuata. Chini ya gari Mohdhar aliona miguu ya Jamaludin imesimama wima, haitikisiki, kisha akaona kwa mbali miguu mingine, ya kijivu, minene, ikivuka barabara polepole. Aliweka shavu mchangani akasoma kila aya aliyoikumbuka, akazichanganya, akaanza upya. Juu yake Khairiya alikuwa akigumia, na Swafiya amemziba mdomo kwa kiganja. Ndovu walipita saba. Mohdhar aliwahesabu kwa miguu.

Walipotoweka, alishika spana tena. Kazi iliendelea. Jamaludin alivua kilemba chake, wakayachuja mafuta humo mara mbili. Gasketi ilikuwa imechanika upande mmoja. Jamaludin, bila kuambiwa, alivua makubadhi yake ya ngozi, akamtupia. Mohdhar alikata vipande kwa kisu, akaviingiza pale palipochanika, na Barka akakaza bolti.

"Mafuta hayatoshi," Barka alisema. "Mengine tumeyavaa."

Mkono wa Swafiya ulitokea dirishani. Ulikuwa umeshika chupa ya mafuta ya ufuta, aliyoyakamulisha mwenyewe Amu kwa ajili ya kumkanda mtoto akizaliwa. Mohdhar aliipokea. Dada yake hakumtazama.

Barka alisukuma kijiti. Gari lilisita, likashtuka, likaenda. Hatua kumi. Ishirini. Hakuna aliyepumua vizuri mpaka Mkunumbi. Kwenye kivuko cha Garsen Barka hakuthubutu kuzima injini, na njia nzima hadi Malindi Mohdhar alishika miguu ya mpwa wake, akisikiliza kila gia inavyobadilika, akiogopa ile itakayofuata. 

Walifika alasiri. Khairiya akaingizwa ndani, mlango ukafungwa, na wao wakakaa barazani, Jamaludin hana kilemba wala viatu. Mwadhini alikuwa karibu kuadhini magharibi muuguzi alipotoka. Mama mzima. Mtoto mzima, wa kike.

Jamaludin alisujudu pale pale. Mohdhar alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, kanzu imeloa mafuta.

Swafiya alimwendea. Alikuwa ameshika ile chupa tupu, akaiweka mkononi mwake.

"Mafuta ya mwana yamo garini," alisema. "Enda kanitafutie mangine. Na ukiona kitu chavuya ndiani, Mohdhar, kiate kivuye."

"Naam, dada."

Alishuka ngazi akijifuta machozi. Gari lilikuwa limesimama kando ya ua, na chini yake tone likaanguka, jeusi, likinukia ufuta kidogo. Kisha jingine. Vidole vyake vilimwasha. Mohdhar aliishika chupa kwa mikono miwili, akageuza uso upande wa pili, akapita mbio.