Televisheni Chini ya Mahindi

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya chakula, mgongo wazi, matumbo nje. Marehemu alikuwa televisheni. Nyanya yangu Fatumah, ambaye sisi Wanubi humwita Haboba, alikuwa amemtandikia leso ya zamani, na kwa heshima hiyo niliona nami nivae uso wa msiba.

"Usicheke, Nulu," akasema Haboba.

"Sijacheka, Haboba."

"Macho yako yanacheka."

Nilikuwa nimefika Mafubira, Jinja, siku hiyohiyo kutoka Mbale, shule ikiwa imefungwa, nikiwa na mfuko wa bisibisi na mita ya kupimia umeme ambayo mwalimu wa fizikia aliniazima kwa masharti mengi kuliko ya ndoa. Bwenini najulikana kwa ufundi wa umeme. Ni kweli ufundi huo ulianza pale nilipoifanya kengele ya matroni ilie kila alipokaa kitini, lakini elimu haichagui mlango wa kuingilia. Likizo iliyopita nilificha redio ndogo ndani ya mtungi mtupu wa Haboba, naye akasomewa taarifa ya habari na mtungi. Alicheka baadaye. Baadaye sana.

Safari hii hakuwa na nguvu ya kucheka. Aliinama kunisogezea taa, akaguna, akakishika kifua.

"Nini?"

"Hirizi ya babu yako. Joto likizidi inachoma." Akaiweka sawa shingoni, kifuko cha ngozi nyeusi kilichong'aa kwa jasho. "Maneno ya Mungu ni makali. Kazi."

Kazi, basi. Lakini kwanza mjue kwa nini mikono yangu ilikuwa mizito. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi lililojaa watu wetu liliposhindwa, babu yangu Marjan, fundi wa magari kambini hapa Jinja, alimshika Haboba mkono wakakimbilia Sudan pamoja na kila Mnubi aliyekuwa na miguu. Mimi nilikuwa mtoto mwenye homa. Nikaachwa kwa mama mdogo kule Nkoma, Mbale, na huko nikakulia. Babu alifia Juba. Baba yangu, Adrisi, yuko Arua hadi leo, hajaamua kama amerudi au la. Haboba alirudi peke yake. Alikuta nyumba haina milango wala madirisha, na hata bakuli la choo limeng'olewa. Nani huiba bakuli la choo na kukimbia nalo vitani, historia haijasema.

Kitu kimoja tu kilimrudia. Nangobi, jirani yake Msoga, alivuka njia akiwa na televisheni kichwani. Alikuwa ameificha ghalani kwake, chini ya mahindi, miaka yote ile, serikali ikija na serikali ikienda. Haboba alilia siku hiyo, akamwita dada. Kisha nyumba ikaunganishiwa umeme, televisheni ikachomekwa ukutani, nayo ikanyamaza kama jiwe.

Toka siku hiyo chai ya jioni waliyokuwa wakinywa pamoja iliisha. Nangobi hakuitwa tena, na watu wa mtaa, ambao kusema hakuwachoshi, walisema kwamba vifaa vya ndani ya televisheni huuzika.

"Nisikilize vizuri," Haboba aliniambia. "Kama imeharibika yenyewe, nitakwenda kwa Nangobi kumwomba radhi kwa niliyoyawaza. Lakini kama kuna mkono ulioingia humo ukatoa kitu, Ijumaa nampeleka mbele ya kamati ya mtaa. Basi angalia."

Nikaangalia. Waya wa ukutani ulikuwa mzima. Fyuzi ilikuwa nzima, jambo lililonisikitisha, maana fyuzi ndiyo mgonjwa wa kila fundi mvivu. Nilichomeka, nikapima. Umeme wa bwawa la Jinja, ambao huiangazia nchi nzima na kutusahau sisi tulio karibu nalo, siku hiyo ulikuwapo: uliingia kwenye bodi ya umeme, ukapita, ukafika kwenye kapasita kubwa iliyo kama kopo, ukaishia hapo. Nikachomoa. Nikamweleza Haboba mambo mawili matatu ya kitaalamu, nikainua bodi.

Nilipojikuta tena, nilikuwa nimekaa sakafuni na mkono wangu wa kulia haukuwa wangu.

"Bismillahi! Kimekuuma nini?"

"Kapasita," nikasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. "Ni kama mtungi, Haboba. Ukizima, televisheni hunywa maji yote mpaka mtungi ukauke. Huu umebaki umejaa. Hakuna aliyekunywa."

Nikaukausha kwa bisibisi yenye mpini wa mpira, cheche ikaruka, Haboba akasoma dua. Kisha nikageuza bodi kumtafuta mnywaji. Upande wa chini kuna bati nene la kupoza joto, na juu yake hukaa transista ya chuma, ndogo kama kifuniko cha soda, yenye miguu miwili. Hiyo ndiyo huuchukua umeme na kuugawa. Bati lilikuwapo. Skrubu mbili zilikuwapo, zimekazwa vizuri. Kati yazo palikuwa na matundu mawili madogo, yamekaa pamoja kama macho ya panya, na hakuna kitu kingine.

"Imetolewa," nikasema, kabla akili haijaushika ulimi.

Haboba hakupiga kelele. Alikaa tu kitini taratibu, kama mzigo unaotuliwa.

"Kamwite," akasema.

Nangobi alikuja na unga wa mihogo mikononi. Aliangalia meza, akaniangalia mimi, akajua.

"Mama Adrisi, mimi nafungua hii kitu hata siku moja? Hapana."

"Kuna chuma hakipo."

"Basi mimi sijui chuma. Mimi najua kofi." Akajipiga shavuni polepole, alama ya unga ikabaki. "Askari wanakuja kwangu, wanatoa mahindi, wanaona televishoni. Wanasema, washa mama. Nawasha, inakataa. Mmoja anasema mimi namdharau, ananipiga. Halafu wanapiga hii teke, wanasema, takataka, wanaenda. Mimi narudisha mahindi juu. Mimi napigwa kwa kitu yako, na leo mimi mwizi?"

"Wewe ndiye uliyekaa nayo, Nangobi. Nani mwingine?"

"Ningekuwa mwizi ningekurudishia ganda? Kwa kichwa changu?" Akageuka mlangoni. "Ijumaa nitakuja huko kwa kamati. Sikimbii. Mimi nimechoka kukimbia. Na wewe umechoka, Mama Adrisi, ni vile hujui."

Akaondoka. Tukabaki watatu: mimi, Haboba, na marehemu.

Nilikusanya skrubu moja moja. Sikuwa na utani hata mmoja mdomoni, jambo ambalo kwa afya yangu si la kawaida. Kitu kilikuwa kinanikera: askari waliiwasha, ikakataa. Kwa hiyo ilikuwa imekwisha kufa kabla mtu yeyote mtaani hajaigusa. Na mwizi gani hurudisha skrubu na kuzikaza? Hiyo ni mikono ya fundi anayetarajia kurudi.

Nikakumbuka hadithi ambayo nyumba yetu yote huicheka. Siku zile askari walipokuwa wakichukua magari ya watu, babu alikuwa akichomoa rota ya Peugeot yake, kile kipande kidogo cha kuwashia injini, kila jioni na kulala nayo chini ya mto. Gari lisilowaka haliibwi. Haboba husema alilala na rota ile mara nyingi kuliko alivyolala na yeye.

Haboba alikuwa akijikuna. Alikuwa ameisogeza hirizi pembeni, na pale ilipokuwa, chini ya koo, nikaona makovu mawili madogo, yamekaa pamoja kama macho ya panya.

"Haboba," nikasema, "hiyo hirizi aliishona sheikh gani?"

"Babu yako aliileta usiku wa kuondoka. Kwa nini?"

"Nahisi ndani hamna maneno ya Mungu. Nahisi mna transista."

Akaacha kujikuna.

"Leo hirizi. Juzi mtungi. Kesho utaniambia nini, Nulu, bibi yako ni redio?"

"Wallahi simtanii mtu. Askari hupekua mifuko, hupekua vifurushi, lakini hirizi ya mama mtu mzima wanaiogopa. Na hakukuambia ili usije ukaulizwa ukasema. Tuifungue tu tuone."

"Haifunguliwi." Akaifunika kwa kiganja. "Alisema isifunguliwe mpaka tufike nyumbani sote."

"Lakini Haboba, babu…"

"Najua alipo babu yako. Mimi ndiye niliyemwosha uso." Akaangalia ukuta, pale dirisha jipya lilipokuwa bado halijapakwa rangi. "Nikiifungua, basi ndiyo tumeshafika sote. Umeelewa? Ndio hawa."

Hawa walikuwa mimi na yeye. Kuna maswali ambayo hata bwenini hatuyafanyii mzaha.

Asubuhi, baada ya chai, alimwita Nangobi mwenyewe, kwa sauti yake, kutoka uani. Nangobi alikuja amevaa gomesi nzuri. Alidhani kamati imeitishwa mapema. Haboba hakumkaribisha kiti. Aliivua hirizi, akaiweka mezani mbele yake, akachukua wembe, akakata uzi.

Kitambaa cha nta. Ndani ya nta, chuma kidogo chenye miguu miwili.

Haboba aligeuza kifuko, akakikung'uta, akachungulia ndani.

"Hata aya moja?" akauliza. "Nimevuka mto Nile na kipande cha televisheni? Nimelala msituni nakiomba hiki?" Mabega yakaanza kumtikisika, sikujua ni kilio au kicheko, na nadhani naye hakujua. "Marjan, Marjan. Mshenzi wewe."

Nangobi alivuta kiti bila kukaribishwa, akaketi karibu naye. "Na mimi napigwa kofi kwa hii," akasema. "Bure."

"Si bure. Ingewaka wangeichukua." Haboba akapangusa uso kwa leso. "Nisamehe, Nangobi."

"Nimechoka kukasirika. Acha mtoto afanye kazi."

Nilifanya kazi. Miguu ikaingia kwenye matundu yake kama imetoka jana, skrubu zikakaa. Nikachomeka, nikarudi nyuma hatua za mwoga. Ikanguruma, ikanuka mahindi yaliyoungua, na punde chembe nyeupe zikaanza kucheza kiooni. Jioni akatokea mtu wa habari, amepindika kidogo kuanzia kifuani, akasoma mambo ya nchi. Wazee wawili walimsikiliza. Alipomaliza, Haboba akaamuru nichomoe waya.

"Sasa itoe."

"Nitoe nini?"

"Chuma. Vita vimekwisha, ndiyo, vilishakwisha mara ngapi? Itoe."

Nikaukausha mtungi, nikaitoa. Nilidhani ataishona tena shingoni. Badala yake aliuchukua mkono wa Nangobi, akaiweka kiganjani, akaukunja.

"Mimi tena?" Nangobi akasema. "Na ikipotea?"

"Ikipotea najua pa kuuliza."

Nangobi alicheka, akaifunga katika pindo la leso yake, mafundo mawili, akavuka njia.

Jioni ya pili nilikaa nyuma ya televisheni iliyo wazi mgongo, bisibisi mkononi, tayari. Haboba alikuwa ametoa vikombe viwili na kuvifuta tena bila sababu.

"Hajaja?"

"Bado, Haboba."

"Basi ngoja," akasema, na kuifunika birika ya chai.