Kioo kutoka Njia ya Reli

Mwanangu Tadeo alikufa mwaka 1974 karibu na Mbeya, kifusi kilipomwangukia yeye na wenzake wakichimba njia ya reli. Sanduku lake lililetwa Iringa. Lilikuwa na nguo, buti na sahani nzito ya shaba iliyogandamana na udongo.

Kwetu, baada ya mazishi, vyombo vya marehemu huoshwa vyote. Wifi yangu Matilda aliisugua sahani ile kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa.

Anyitike, mtafiti wa mambo ya kale niliyesoma naye chuoni, alikuja kunipa pole akaiona. "Hiki ni kioo cha kujitazamia, cha shaba iliyong'arishwa. Cha Kichina. Nani amekisugua?"

"Nilidhani mfuniko," alisema Matilda.

"Mfuniko wa shaba?"

"Si kina kishikio katikati, kaka? Ningejuaje?"

Habari zikafika kambini kwa wajenzi wa reli, maneno yakaanza: Tadeo alikiiba kwa mhandisi mmoja aliyekwisha kurudi kwao Uchina. Lakini mimi Tadeo aliniambia Krismasi yake ya mwisho kwamba amefukua kitu cha ajabu. Shemeji yangu Saulo aliacha kumtaja Tadeo mbele za watu.

Anyitike alikata kipande kidogo ukingoni, akakipeleka ng'ambo kupimwa. Nilingoja karibu miaka mitatu. Nilifundisha, nikapika, nikalala.

Alikuja na majibu mwenyewe, Saulo akiwapo.

"Ni cha kale kweli, dada. Karibu robo yake ni madini ya bati; ndivyo mafundi wa Kichina walivyochanganya na shaba. Na madini ya risasi yaliyomo yanalingana na ya migodi ya kwao."

"Kilifukuliwa Mbeya?"

"Kipimo kinasema kilikotengenezwa tu. Huenda kililetwa zamani na wafanyabiashara, mkono kwa mkono kutoka pwani. Huenda kilikuja juzi ndani ya sanduku la mhandisi. Udongo uliokigandama ndio ungetuambia."

"Udongo ulisuguliwa."

"Ndiyo."

"Wewe andika kilifukuliwa," Saulo alimwambia. "Nani atabisha? Jina la mtoto lisafike."

Anyitike alinigeukia. "Ukitaka, dada, nitaandika."

Nilijitafuta ndani nione kama nina hasira au uchungu. Sikukuta kitu.

"Andika kilikopatikana hakujulikani."

"Shemeji, ni mwanao huyo."

"Ndiyo maana. Nikidanganya, watasema wizi alifundishwa nyumbani."

Saulo alichukua kofia yake akaondoka. Nilimpakulia Anyitike ugali na maharage. Alikula kidogo. Mimi nilimaliza sahani yangu, nikaongeza.