Fundo la Kamba ya Mzinga

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Asubuhi hiyo anga la Ipole lilikuwa jeupe kwa vumbi, na upepo mkavu ulileta harufu ya majani yaliyoungua. Zablon, mrina asali na mwongoza wageni katika msitu wa hifadhi, alikuwa amepiga magoti tangu majogoo. Alimwomba Mungu mambo mawili ambayo hayakuweza kwenda pamoja: chui asiuawe, na yeye asijulikane.

Saa tatu kijiji kilikuwa kikutane darasani kuamua habari ya chui huyo. Juma lililopita alikuwa ameingia zizini kwa Recheli, mjane wa kaka yake Zablon, akamchukua mbuzi mwenye mimba.

Chanzo chake Zablon alikijua. Mwezi wa sita, Majidi, fundi cherehani wa Tabora mjini ambaye pia hutembeza watalii, alileta wageni mara tatu, na mara tatu wakarudi bila kuona hata mkia. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja kutoka India, ambaye kwao wanahifadhi msitu mzima kwa ajili ya chui milia. Majidi alimtania Zablon mbele yake: "Bwana Zablon, huyo chui wako ana nyumba ngapi? Kila tukija, tunaambiwa kasafiri."

Wageni walicheka, na Zablon akacheka nao, lakini neno lile lilimkaa kooni. Kesho yake alinunua utumbo na mapafu ya mbuzi, akavitundika juu ya mti kwa kamba ya gome, vilevile anavyotundika mizinga. Siku ya tatu, Majidi alipowarudisha wageni wale, chui alikuja. Yule mama alitokwa na machozi ya furaha, na Majidi akamwomba Zablon radhi. Zablon akatundika tena, na tena, mpaka wageni walipopungua. Hapo akaacha. Chui hakuacha. Alikuwa amekwisha kuzoea harufu ya mbuzi, akaifuata mpaka kijijini.

Mlangoni mwa darasa Recheli alikuwa akimngoja. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Kisha Recheli akafungua pindo la kanga yake, akamwekea kitu mkononi.

"Shemeji, hii uliisahau msituni."

Ilikuwa kamba ya gome, bado ina fundo. Recheli alikuwa amefuata nyayo za chui hadi chini ya mti ule. Fundo la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani lilifungwa na ukoo wao peke yao. Mumewe alilifunga hivyohivyo maisha yake yote. Recheli aliingia ndani, akaketi kwenye dawati la mbele.

Vijana walitaka sumu. Walisema hivyo kwa sauti ya chini, maana kila mtu alijua ni kosa. Masolwa, mwenyekiti wa kijiji, aliuliza kama yupo mwenye neno jingine. Zablon alitazama mgongo wa shemeji yake. Recheli angeweza kugeuka amtaje, lakini hakugeuka. Zablon akaelewa kwamba anaachiwa nafasi, akasimama na kamba mkononi, akaeleza yote, hata mapafu aliyanunua wapi.

Darasa likachafuka. Mmoja akasema basi sumu apewe Zablon, na wachache wakacheka bila furaha. Masolwa alipowatuliza, alimgeukia Recheli, kwa kuwa aliyeumia ni yeye. Recheli alisema mbuzi wake harudi kwa kufa kwa chui, na aliyemfundisha mnyama tabia mbaya ndiye wa kumwachisha. Akamuuliza shemeji yake atafanya nini.

Zablon alivua kofia.

"Mbele za Mungu na mbele yenu wote: sitatundika nyama msituni tena. Zizi la Recheli nitalijenga upya kwa magogo, nilizungushie miba na kuliezeka juu, kisha la kila jirani anayefuga. Nitalala nje yake mpaka chui arudi kwa swala wake. Na mgeni akiondoka bila kumwona, nitamwambia ukweli: leo hakupenda kuonekana."