Kitufe Chekundu cha Mkandani

Kiwanda cha sabuni nilichokitumikia kama fundi umeme kilikuwa na mkanda wa kusafirisha vipande wenye mbio za mwizi: ukipiga chafya, arobaini vimeshakupita, na cha arobaini na moja kinakucheka. Dada yangu mkubwa alikuwa akivipanga kwenye maboksi. Presha ikampanda mpaka nesi wa kiwanda akaandika kwamba isiposhuka ndani ya mwaka, aachishwe kazi.

Meneja akaniita. "Fundi, wafungie wale wanawake wa mkandani kitufe cha kusimamisha mkanda. Chekundu, kikubwa. Waya usiunganishe."

"Wakikibonyeza je, bosi?"

"Hawatabonyeza. Wanataka tu kujua kipo."

Nikakifunga, nikaandika ZIMA juu yake kwa rangi nyeupe. Wanawake wakapata utani: ukimwuliza mtu "Mzima?" anakujibu "Nikitaka, nazima."

Mkanda haukupunguza mwendo hata chembe. Lakini dada akaanza kulala, akaanza kula, akarudia kunitukana kama zamani. Nesi alimpima mara mbili, akidhani kipimo kimeharibika. Nami nikatamba mitaani kwamba nimetibu watu kwa skrubu nne.

"Mdogo wangu," aliniuliza siku moja, "hiki kidude kinafanya kazi kweli?"

"Nimekifunga mimi, dada, halafu unaniuliza?"

Akaridhika.

Mwezi wa nane, asubuhi, mkanda ukanasa kilemba cha mfanyakazi mwenzake dada na kuanza kumvuta kichwa. Wengine walipiga mayowe. Dada alikwenda kwenye kitufe taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake, akabonyeza. Mkanda ukaendelea. Akabonyeza tena. Mimi nikakimbilia swichi kuu, ukuta wa pili. Mwenzake alipona, ila nywele za upande mmoja zilibaki mkandani. Nilipogeuka, dada alikuwa bado amekandamiza kitufe, ananitazama.

Kesho yake niliunganisha waya bila kumwuliza meneja. Nikabonyeza mbele ya dada, mkanda ukasimama.

"Umeona, dada? Sasa kinazima."

"Hata siku ile nilipokuuliza ulisema hivyo."

Presha ilirudi na jamaa zake. Kabla mwaka haujaisha wakamwachisha, kwa sababu ya afya, barua ikasema.

Siku hizi nampelekea dawa zake kutoka hospitali. Namsomea maelezo: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ananisikiliza mpaka mwisho, ananishukuru vizuri, kisha anamwita jirani amsomee upya.