Mkoromo wa Marehemu Hakorimana

Mama mkwe wangu, Mukamurenzi, alimpenda binti yangu Claudette kwa sababu anakoroma. Sisemi kwa wivu. Tangu mumewe Hakorimana afariki, alimchukua mtoto walale kitanda kimoja, na kila asubuhi alitoka uani anatabasamu kama bibi harusi.

"Mama Claudette, muzee iko mulemule," aliniambia. "Amerudi kwa uyu mutoto. Sikia vile anavuta!"

Nilisikia. Milima yote ya Masisi ilisikia. Lakini Claudette alikuwa na miaka minane, na mdogo wake Laetitia, wa miaka sita, alikuwa amempita kimo. Kwa wenzetu nguo hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Nyumbani kwangu zilikuwa zinapanda. Darasani Claudette alisinzia, na majirani walimwuliza ataanza shule lini. Hilo liliniuma sana.

Sisi watu wa ng'ombe tuna dawa moja ya mtoto asiyekua: maziwa. Mama mkwe alimtengea ng'ombe mmoja mzima, maziwa yake yasiende kwenye jibini wala sokoni. Mtoto alikunywa, akatapika, akanyweshwa tena. Aliyenenepa ni paka.

Nikachoka. Nikapanda pikipiki na mtoto mpaka hospitalini Goma. Mama mkwe naye akapanda nyingine nyuma yetu, kulinda mali yake.

Daktari alimmulika Claudette kooni. "Amigdale, hizi nyama mbili za kooni, zimevimba, zinafunga njia," alisema. "Akilala anakosa pumzi. Mwili unakesha ukipigania hewa, haupati nafasi ya kukua. Tuzitoe."

"Hapana!" Mama mkwe alisimama. "Mukikata iyo, munakata bwana yangu! Hakorimana alikuwa anakoromaka hivyo hivyo. Anavuta, ananyamaza, mi namupiga kiwiko, anavuta tena."

"Na alikufa na nini, mama?" daktari akauliza.

"Hakukuwa mugonjwa. Alilala tu. Mi sikukuwa pale, nilienda kwa kilio kwa dada yangu..."

Nikaona mkono wake unashika kiwiko chake, unakibana. Alimtazama Claudette, aliyekuwa ameshasinzia kwenye kiti, mdomo wazi.

"Docteur," akasema, "mukate leo."

Leo haikuwezekana. Mama mkwe akauliza kwa ukali kama visu vyao vimeazimwa na jirani. Alitulia? Hakutulia. Alikesha pembeni ya mtoto na kiwiko tayari, mpaka siku ya upasuaji.

Claudette alirudi nyumbani na koo linalouma, akanywa uji wa baridi, akalala bila sauti. Mama mkwe alimwekea kiganja puani, akahisi pumzi, akatoka uani akalia.

"Anapumua muzuri," aliniambia. "Lakini nyumba imenyamaza. Nimefiwa mara ya pili, Mama Claudette."

Mimi niliyezoea kumjibu, siku hiyo nilivuta kigoda nikakaa naye. Nilimhurumia mno.

Miezi ikapita. Claudette alimaliza maharage yake, akahamia kwenye sahani ya Laetitia. Sketi ya shule ikapanda juu ya magoti, na mwalimu akalalamika kwamba sasa anaongea mno darasani. Nilifurahi kama niliyejifungua upya. Mama mkwe alifurahi pia, lakini nusu.

Jumapili moja baada ya misa mvua ilinyesha, bibi na Claudette wakajilaza. Nikiwa jikoni nikasikia kishindo. Nilikimbia, nikamkuta mama mkwe sakafuni, miguu juu. Kitandani Claudette alikuwa amejitandaza, kichwa upande huu, miguu ukutani, amelala fofofo.

"Mama! Umeumia?"

Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nikanyoosha mkono nimvute mtoto, bibi akanishika sketi.

"Usimuguse! Ndoa yetu yote Hakorimana alikuwa ananitupaka chini hivi hivi. Ni yeye kabisa. Muache alale."