Jiko Lina Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita fundi cherehani Kamusi, na jina hilo alilipenda. Alisoma shule ya jioni akiwa na mvi tayari, na cheti chake kilining'inia juu ya meza ya kukatia. Alijua sitiari, tashibiha, tafsida na ndugu zao wote. Kitu kimoja hakukijua: namna ya kumchekesha mkewe.

Mkewe alikaa karibu na dirisha, akishona vifungo. Nje ya dirisha, barazani, alisimama mpiga pasi, mgane mwenye sauti nene ambaye hakuwahi kuingia darasani jioni wala asubuhi.

"Shemeji, shati la nani hilo?"

"La hakimu."

"Umempa vifungo sita?"

"Sita."

"Basi leo kaonja na yeye. Mwambie asikate rufaa."

Mwanamke akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Kamusi alikuwa na pini mdomoni, kama kawaida yake. Akazitemea kiganjani.

"Hiyo huitwa jinasi," alisema. "Neno moja, maana mbili. Kuna kifungo cha nguo, na kuna kifungo cha jela."

Kicheko kikazimika.

"Tumeelewa, baba," mkewe alisema, akainama kutafuta sindano.

Hilo ndilo lililomkera Kamusi. Miaka yote ya ndoa alikuwa akipewa tabasamu, kama mtu anayerudishiwa chenji. Kicheko kile cha kutoka tumboni kilikuwa kinapita dirishani kwenda kwa mtu mwingine. Naye akajaribu.

"Mke wangu, uzi umekatika, nami nimekata shauri."

"Shauri gani?"

"La kutunga uzi mwingine."

Mkewe akamsogezea sindano. "Haya, tunga."

Asubuhi moja Kamusi alirudi kutoka kununua nyuzi, akasikia sauti ya mpiga pasi ndani. Akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji, lile jiko nimelipenda. Ningelipata mimi, mambo yangu yangenyooka."

"Mwenyewe wala halithamini," mkewe alijibu. "Lakini ukimwomba, utaona atakavyoling'ang'ania. Niachie mimi nimlainishe."

Kila mtu anajua kuwa kupata jiko ni kuoa, na Kamusi nahau hiyo aliipata hata kwenye mtihani. Jiko ni mkewe. Mwenyewe asiyelithamini ni yeye. Akafungua pazia.

"Jiko hilo lina mwenyewe."

"Najua, kaka," mpiga pasi alisema. "Ndiyo maana nilitaka nikuombe."

"Uniombe mimi? Machoni pangu?"

"Sasa nikuombe kisogoni? Na hata kulitumia hulitumii."

Kamusi aliushika mkasi wa mezani bila kujua atakata nini. "Nimelitunza tangu likiwa jipya."

"Kulitunza? Mbona lina kutu, kaka, na mguu mmoja umelegea."

Kamusi akautazama mguu wa mkewe.

Mkewe naye akautazama mguu wake, kisha akamtazama mumewe. Polepole akanyoosha kidole chini ya meza ya kukatia. Pale, chini ya vipande vya vitambaa, lilikuwepo jiko la zamani la mkaa.

"Baba, tunasema hili. Anataka kukolezea mkaa wa pasi."

Halafu akacheka. Alijifunika uso kwa shati la mteja, akaketi sakafuni, akasema, "Mguu," akashindwa kuendelea. Kilikuwa kicheko kilekile cha tumboni, na safari hii kilikuwa cha Kamusi.

Mumewe akalivuta jiko na kumkabidhi mpiga pasi.

"Hili chukua. La pili usilitazame."

Mkewe akacheka upya. Kamusi alifungua mdomo ataje jina la alichosema, akaufunga. Lakini mpiga pasi naye alikuwa akicheka, kwa ile sauti yake nene, na vicheko vile viwili vilioana vizuri mno.

Mpiga pasi alipotoka na jiko lake, Kamusi alienda dirishani akavuta pazia.

"Jua kali," alisema.

Upande ule haukupata jua mpaka alasiri.

"Na hiyo, baba," mkewe aliuliza akijifuta machozi, "huitwaje?"

Kamusi alikuwa amesharudisha pini mdomoni.