Habari za Mkono

Julieth alipopangiwa zahanati ya kijiji kimoja nje ya Puge, muuguzi aliyemtangulia alimwonya kwamba watu wa huko hawapendi salamu ya mkato. Uliza habari za watoto, za ng'ombe, hata za mguu unaouma, la sivyo wataona umewadharau. Julieth, mtoto wa Tabora mjini aliyetoka chuoni juzijuzi, alijifunza kwa bidii.

Jumamosi alipita kwa akina Limbu. Veneranda, mke wa Limbu, alikuwa uani akimenya karanga na mama mkwe wake. Julieth alipiga goti.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Waliulizana habari za mvua, za mbuzi aliyezaa, za Limbu aliyekwenda Kaliua. Mama mkwe akacheka. "Huyu wa mjini kashaiva. Tumtafutie mume."

Julieth alifurahi. Akamgeukia Veneranda. "Na wewe dada, mkono umepona?"

Vidole vya Veneranda viliacha kumenya.

"Mkono gani?" mama mkwe akauliza.

"Nilijikata na jembe."

"Lini? Mbona umelima wiki nzima?" Alimvuta mkono, akapandisha kitenge, akapapasa taratibu mpaka akakuta vijiti viwili chini ya ngozi. Hakupaza sauti. "Kumbe ndiyo maana hushiki mimba."

Julieth ndiye aliyeviweka, chini ya bango la Nyota ya Kijani, akiamini uzazi wa mpango utaokoa nyumba hii. Uzazi wa mwisho Veneranda alivuja damu hadi akakimbizwa hospitali ya Kitete, akaambiwa mimba nyingine ya haraka ingemuua. Alikubali vijiti kwa sharti moja tu, siri.

Jumatatu walikuja zahanati. Mama mkwe alikaa kwenye benchi nje. Julieth alifunga mlango, akashindwa kumtazama Veneranda usoni.

"Mwongozo wa serikali unasema uamuzi ni wako. Unataka vitoke?"

"Juzi uliniuliza mbele ya watu. Leo unafunga mlango."

"Nisamehe, dada."

Veneranda alinyoosha mkono juu ya meza.

"Ipo sindano ya nyonga," Julieth akasema. "Haina cha kupapaswa."

"Na tukikutana kisimani, utaniuliza nyonga inaendeleaje?"

Julieth alitaka kuapa, akaona kiapo chake hakina uzito tena.

"Toa tu. Limbu amesema kwa simu akirudi akivikuta niende kwetu, watoto wabaki."

Julieth alivitoa, akafunga bandeji. "Ukibadili mawazo..."

"Nitakwenda kwa mtu asiyenijua."

Nje, mama mkwe alimshika Julieth mikono yote miwili. "Ahsante, mwanangu. Bila wewe tusingejua."

Veneranda alikuwa amesimama pale pale, akisikia. Julieth aliinamisha kichwa, na mama mkwe akadhani ni heshima.